Video Imecheza, Menengai Haijaonekana: Kutafuta Kasoro Katika Somo la Dunia

Dirisha la darasa lile lilitazama kaskazini. Mwanafunzi akiinua shingo kidogo tu angeona mgongo wote wa Menengai, volkano ya hapa Nakuru. Nilikuwa nimeitwa kutengeneza projekta, na nilikuwa nimeitengeneza: picha safi, sauti safi. Gredi ya 8 walitazama dakika kumi na nne za lava ikitiririka baharini, wakapiga makofi. Nikawauliza, kwa uchokozi tu, wanitajie volkano iliyo karibu nao. Kimya. Kisha sauti kutoka nyuma: “Hawaii.” Mwenzake akamcheka na kumsahihisha: “Hawaii ni ng'ambo, bwana. Ni Kilimanjaro.” Mwalimu wao aliigeukia projekta akaitupia jicho baya.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia hapa Nakuru, na ufundi wa projekta ulinijia kwa lazima: ya shuleni kwetu ilipokufa hakukuwa na bajeti ya fundi. Siku hizi wenzangu wa hapa, na wachache wa Kisumu na Kakamega, hunipigia simu, na simu zote huanza vilevile: “Mwalimu, hii kitu imekataa.” Imekataa wapi, sasa? Kabla sijagusa skrubu nauliza kama stima inafika, kama mashine inawaka na kubaki imewaka, kama faili linafunguka, na kama mtoto akitoka hapo anaweza kueleza jambo kwa maneno yake mwenyewe. Walimu wengi husimama kwenye swali la tatu. Nitaanza na mashine kwa sababu ndiko simu zinakotoka, lakini wino mwingi nitaumwaga kwenye swali la nne.

Projekta inajizima baada ya dakika kumi

Inawaka vizuri, feni inaanza kunguruma, taa ndogo ya joto inageuka nyekundu au rangi ya chungwa, picha inapotea. Ukingoja robo saa inawaka tena, halafu mchezo uleule.

Karibu kila mara hili ni joto, na Nakuru ina sababu zake mbili za kuipandishia projekta joto. Ya kwanza ni mwinuko. Mji uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yetu ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Hewa ikiwa nyepesi hivyo, feni inayozunguka kwa kasi ileile inabeba joto kidogo kuliko ingebeba pwani. Watengenezaji wanalijua hilo. Projekta nyingi zina mpangilio wa mwinuko unaoifanya feni ikimbie zaidi, na miongozo mingi huagiza uuwashe ukipita mita 1,500. Ingia kwenye menyu, tafuta maneno High Altitude, washa. Kelele itaongezeka; vumilia.

Niliwahi kuletewa projekta iliyofanya kazi Kisumu miaka miwili bila kukohoa. Mwalimu wake alipopata uhamisho akaja nayo Nakuru, ikawa inajizima kila kipindi, na walikuwa wameshabadilisha balbu kwa pesa nyingi. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi. Sikufungua hata skrubu moja. Na kama uko Molo au Elburgon, ambako ni juu kuliko hapa, usingoje ijizime ndipo ukumbuke.

Ya pili ni vumbi. Januari hadi Machi, kabla mvua haijashuka, kila kitu katika mji huu hupata koti la vumbi jepesi kama unga, na filta ya projekta hulikusanya kwa bidii. Ichomoe, ipige taratibu nje, kisha uipitishie brashi kavu ya rangi. Usipulize kwa mdomo, mate yatakandika vumbi mahali pake. Na usilitupe lote. Udongo wa huku kwa sehemu kubwa umetokana na majivu ya volkano, kwa hiyo kinachoikaba projekta yako katikati ya somo la volkano ni volkano. Mimi huweka kijiko kimoja cha vumbi hilo kwenye karatasi nyeupe mbele ya darasa, na somo linaanzia hapo.

Picha imefifia

Madarasa yetu yana madirisha mapana pande zote mbili, jambo jema mpaka siku ya video. Kabla hujalaumu balbu, sogeza projekta karibu na ukuta. Ukipunguza upana na urefu wa picha kwa nusu, mwanga uleule unaangukia robo ya eneo, na picha inang'aa mara nne. Wanafunzi wasogee mbele, wakae sakafuni kwa dakika chache. Picha ndogo yenye rangi zake inawafaa kuliko kubwa ya ukungu.

Halafu chagua ukuta. Kama kipindi chako ni cha asubuhi, jua linaingia kwa madirisha ya mashariki na kupiga ukuta wa magharibi, kwa hiyo onyesha upande wa mashariki, kati ya madirisha mawili, na uyazibe hayo mawili tu kwa leso nzito au karatasi nyeusi za manila. Sijawahi kuelewa kwa nini watu hujaribu kuziba darasa zima.

Kama shule inanunua projekta mpya, msidanganywe na namba iliyo kwenye boksi. Vile vidude vidogo vya bei ya kutupa huandikwa lumeni 9,000, yaani kipimo cha mwanga, na ukiviwasha mchana huoni hata kivuli. Uliza kipimo cha ANSI, kile kinachopimwa kwa utaratibu rasmi. Kwa darasa lenye madirisha sikubali chini ya lumeni 3,000 za ANSI. Na kama balbu imemaliza saa zake na picha imekuwa ya manjano, la kuvunda halina ubani: nunua balbu nyingine, au elekeza pesa hizo kwenye televisheni ya inchi 43, ambayo haijali jua sana.

Picha ipo, sauti hakuna

Ukiunganisha kwa waya wa HDMI, laptopu huipa projekta kazi ya sauti, na projekta ina spika ya ukubwa wa kifuniko cha soda, au haina kabisa. Bonyeza alama ya spika pembeni mwa skrini, chagua kifaa kingine cha kutolea sauti, basi.

Adui mkubwa kuliko HDMI ni mvua juu ya mabati. Alasiri ya Aprili hakuna spika ya shule inayoshinda mabati. Zima sauti, simulia mwenyewe mvua inapopumua. Nitafika baadaye kwa nini mara nyingi hiyo ni afadhali.

Faili halifunguki, au linafunguka nusu

Unamsikia msimulizi lakini skrini ni nyeusi, wakati mwingine kijani. Simu mpya huhifadhi video kwa mfumo wa HEVC ili zisijaze nafasi, na laptopu ya shule ya enzi za Nuhu haiujui. Weka programu ya VLC, ambayo ni ya bure na hufungua karibu kila kitu, au igeuze video iwe MP4 ya H.264, ambayo hata tundu la USB la televisheni nyingi huielewa. Flashi ikikataa faili kubwa huku ina nafasi tele, huenda imepangwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, ambao haupokei faili moja la GB 4. Ila ukifika hapo jiulize video ya GB 4 darasani ni ya nini.

Ile duara inayozunguka bila kwisha ni bando. Usiutegemee mtandao mbele ya watoto. Pakua usiku, hifadhi kwenye laptopu yenyewe, kisha zima data na uitazame mpaka mwisho. Nasema mpaka mwisho kwa sababu niliwahi kuonyesha video ya matetemeko niliyotumiwa kwenye WhatsApp, na dakika yake ya sita ikageuka tangazo la kamari. Picha na video nyingi za NASA na za USGS, idara ya Marekani inayoshughulikia jiolojia, hazina hakimiliki: unaweza kuzinakili, kuzikata na kuziwekea sauti yako. Zinazofuata mtaala wetu zimo kwenye Kenya Education Cloud ya KICD, taasisi ya kuandaa mitaala ya Kenya.

Stima ikipotea katikati, sina dawa ila kuwa na picha nne zilizochapishwa kwa ukubwa wa A3 kabatini. Zimeniokoa mara nyingi kuliko jenereta ya shule, ambayo mafuta yake huwa yamekwisha.

“Ilikuwa poa, mwalimu”

Hapa mashine ni nzima. Video imecheza, hakuna aliyesinzia, na ukiuliza wameonaje wanajibu kwa pamoja kwamba ilikuwa poa. Ukiuliza kwa nini lava ilitoka, wanakutazama.

Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ametumia miaka mingi kuchunguza jinsi watu wanavyojifunza kwa picha na maneno pamoja, na somo mojawapo alilolitumia sana na wenzake ni jinsi radi inavyotokea. Waliwapa baadhi ya wasomaji maelezo makavu ya sababu na matokeo. Wengine wakapewa maelezo yayo hayo yakiwa yamepambwa kwa visa vya kusisimua vya watu na vitu vilivyopigwa na radi. Waliopata visa walieleza chanzo cha radi vibaya zaidi. Kwa mwalimu wa Kisii au Kakamega, ambako radi hupiga mpaka watu wamezizoea kama majirani, hili linauma, maana visa anavyo tele na vishawishi vya kuvisimulia ni vikubwa. Viweke mwisho wa kipindi.

Jambo la pili kutoka kwa Mayer ni kwamba picha inayosogea, sauti inayoeleza na maandishi yanayorudia sauti hiyohiyo ni mzigo wa kupita kiasi. Macho hayawezi kusoma mstari wa chini na kufuata lava juu kwa wakati mmoja. Zima kimojawapo. Nakubali kuna msamaha: msimulizi Mmarekani akienda mbio kwa Kiingereza ambacho kwa mtoto ni lugha ya tatu, maandishi yanaweza kuwa mkombozi. Mimi nimeamua tofauti. Nazima sauti na maandishi yote mawili, naeleza mwenyewe, nikisimamisha picha ninapotaka.

Dawa ninayoitumia ina hatua chache. Nauliza swali moja kabla ya kubonyeza, na liwe lile ambalo video italijibu: “Tazameni mlima unavimba au unabaki vilevile kabla ya kulipuka.” Naonyesha sekunde tisini, si dakika kumi na nne. Nasimamisha palepale kabla ya tukio, na kila mmoja anachora anachodhani kitafuata. Kisha tunaendelea. Mwisho narudia kipande hichohicho bila sauti, na mwanafunzi mmoja anakitangaza kama mtangazaji wa mpira, kwa Kiswahili au kwa lugha anayoiota usiku. Hapo ndipo kasoro zinajitokeza zote. Mvulana mmoja alitangaza kwa ufasaha mkubwa: “Na sasa moto unatoka katikati ya dunia, unakuja, unakuja...” Darasa lilishangilia. Mimi nikajua tuna kazi.

Wanaamini tumesimama juu ya bahari ya moto

Kosa hili limepandwa na video zenyewe. Karibu kila mchoro wa ndani ya dunia unapaka tabaka la kati, mantili, rangi nyekundu iliyoiva, na ganda la juu linachorwa nene kama ganda la tikiti maji ili lionekane. Mtoto anaona uji wa moto uliofunikwa kwa kifuniko, na shimo popote likichimbwa vya kutosha, uji unaruka.

Mantili ni mwamba. Ni ya moto sana, na kwa muda wa mamilioni ya miaka inasogea polepole, lakini ni ngumu. Tunajua hivyo kwa matetemeko: mawimbi ya aina ya S hupita kwenye vitu vigumu tu, na yanapita kwenye mantili bila shida. Yanakwama kwenye kiini cha nje, huko chini zaidi, ambacho kweli ni kimiminika. Magma ya volkano zetu hutokea pale mwamba wa moto unapopanda na shinikizo lililouelemea linapopungua. Sehemu yake ndogo inayeyuka bila hata kuongezewa joto. Wapishi wa maharagwe wanaelewa mara moja: ndani ya sufuria ya presha maji yana joto la kupita mia na bado hayachemki kwa fujo, ukifungua mvuke, yanafoka.

Kutibu rangi, usitafute video nyingine. Simamisha hiyohiyo kwenye mchoro, kisha shukeni sakafuni na chaki na uzi. Chora kipande cha duara chenye nusu kipenyo cha mita 1, kiwakilishe kilomita 6,371 za kutoka kwetu hadi katikati ya dunia. Ganda la bara lenye unene wa kilomita 35 linakuwa milimita 5 na nusu, kama nusu ya unene wa chaki unayochorea. Ganda la chini ya bahari, kilomita 7 hivi, ni milimita moja. Sasa waulize visima vya mvuke vya Menengai viko wapi kwenye mchoro. GDC, kampuni ya serikali ya mvuke wa ardhini, ilianza kuchimba humo mwaka 2011, na visima vingi vimepita mita 2,000. Kwenye sakafu yenu hiyo ni theluthi moja ya milimita. Mstari wa chaki wenyewe ni mnene kuliko hapo. Kuna msichana aliyetazama sakafu, akatazama ukuta wenye tikiti maji lake jekundu, akasema, “Kumbe hatujagusa kitu.”

“Afrika itakatika lini?”

Swali hili lilikuja kwa nguvu Machi 2018, mvua kubwa ilipofungua ufa karibu na Mai Mahiu na kuikata barabara ya kwenda Narok. Video zake zilizunguka dunia nzima zikiwa na kichwa kimoja, kwamba Afrika inapasuka vipande viwili. Bado zinazunguka, na sasa zimepata wenzao waliotengenezwa na akili bandia, zenye magari yakitumbukia kwenye shimo lisilo na mwisho.

Usimkataze mtoto kuzitazama. Mlete Mai Mahiu darasani, simamisha picha, na muulize kuta za ufa zimejengwa kwa nini. Ni majivu laini ya volkano. Maji ya mvua hupenya chini, hula majivu hayo taratibu na kuacha pango lenye dari. Mvua kubwa ikija, dari linaanguka. Wataalamu walijadiliana kama chini yake kuna mpasuko wa zamani ulioyaonyesha maji njia. Lakini ufa wenyewe haukufunguka kwa mabara kuachana siku moja. Bonde la Ufa kweli linatanuka, kwa milimita chache tu kwa mwaka, polepole mno kuliko ukucha wako unavyokua.

Chanzo cha hofu ni saa ya video. Katuni ya mabamba ya dunia inamaliza miaka milioni hamsini kwa sekunde kumi, na mtoto anatoka akidhani shamba la babu huko Subukia litakatika kabla ya mtihani. Dawa yake ni kamba ya mita 46, nje uwanjani, kila mita ikiwa miaka milioni 100. Mwanzo wa kamba ni kuumbwa kwa dunia, mwisho wake ni leo. Dinosau wanatoweka sentimita 66 kabla ya mwisho. Volkano ya Menengai, iliyoanza kujijenga takriban miaka 200,000 iliyopita, inachukua milimita 2. Watoto wanapigania kuishika ncha hiyo kwa kucha. Baada ya kamba ndipo narudia katuni, na sasa wao wenyewe wanasema “inaenda mbio”.

Ila usiwatulize kupita kiasi. Subukia hiyohiyo ilitikiswa tarehe 6 Januari 1928 na tetemeko la ukubwa wa 6.9, miongoni mwa makubwa zaidi kuwahi kurekodiwa Kenya. Nimeona masomo ya matetemeko yenye Japani mwanzo hadi mwisho, yakifundishwa kwa watoto wanaotoka mlango wa pili kutoka Subukia.

Julai inamponza mwalimu

Video nyingi za majira huchora njia ya dunia ikiwa imevutwa kama yai, na mtoto anahitimisha kwamba baridi ni umbali. Njia hiyo ni karibu duara kamili: mapema Januari tuko kilomita milioni 147 hivi kutoka kwa jua, mapema Julai milioni 152. Kwingineko mwalimu huua kosa hili kwa sentensi moja. Huku kwetu, ukizitaja namba hizo tu, umelilisha: Julai tuko mbali, Julai ni baridi, kesi imefungwa.

Uliza aliye na shangazi Uingereza huvaa nini Julai. Dunia ni hiyohiyo, umbali ni uleule, naye anatafuta kivuli. Kisha tengenezeni video yenu, maana ya kigeni ina majira manne na theluji, na sisi tuna masika. Simikeni kijiti cha mita 1 uwanjani na mpige picha ya kivuli chake kwa simu ya mwalimu, mahali palepale, mara moja kwa wiki, kati ya saa sita na nusu na saa saba kasorobo, ndipo jua linapokuwa karibu na kilele chake Nakuru. Ikweta inapita kaskazini kidogo ya mji, kwa hiyo karibu na tarehe 21 Machi kivuli karibu kinatoweka. Kufikia Juni kina sentimita 44 na kimelala kusini. Desemba kimegeuka kaskazini. Ziunganishe picha zote ziwe video ya sekunde ishirini. Ni mbaya kwa macho, kidole changu kimo katika picha tatu, na hakuna video ya majira niliyowahi kuonyesha iliyozua ubishi mzuri kama hiyo.

Kishikwambi kimoja, vichwa vinane

Mmoja anashika, wawili wanachungulia, watano wanapiga soga. Kasoro si uchache wa vifaa peke yake. Anayeshika asiruhusiwe kuamua: mwingine asome swali, mwingine aamue pa kubonyeza, mwingine achore kwenye daftari, na kila dakika tano wazunguke. Kishikwambi kikiwa kibovu, kitoe kabisa.

Volkano lazima iwe na moto

Narudi kwa yule wa Hawaii. Kosa lake lina mantiki. Volkano zote alizoonyeshwa zilikuwa na pembe tatu, moshi juu na lava nyekundu. Menengai haina pembe. Ni kaldera, bakuli la takriban kilomita 12 kwa 8 lililobaki baada ya kilele cha mlima kuporomoka ndani yake, na kutoka mjini unaona ukingo tu, kama kilima kirefu cha kawaida. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniambia kwa uhakika, “Mwalimu, Menengai si volkano, ni shimo.”

Naanza na kuvunja rangi nyekundu. Ol Doinyo Lengai, ng'ambo ya mpaka huko Tanzania, hutoa lava yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, nusu tu ya joto la lava ya Hawaii. Mchana inaonekana nyeusi kama oili chafu ya gari, na ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Sekunde thelathini za lava hiyo zinatosha kuwafanya watilie shaka kila walichokuwa nacho kichwani.

Kisha nafungua Google Earth Pro, ambayo nimeshaipitisha juu ya Nakuru nikiwa na intaneti nyumbani ili ihifadhi picha. Naanza juu kabisa, bakuli lionekane lote, mawe meusi ya lava yakiwa yamemwagika sakafuni mwake. Nashuka polepole mpaka paa la shule. Hapo huwa kuna kelele. Kwa kuwa programu hiyo ina picha za miaka iliyopita, nateremka pia Ziwa Nakuru na kurudisha miaka nyuma hadi 2010, waone maji yalivyopanda tangu hapo na kumeza miti. Watoto wa Mwariki, mtaa ulio kando ya ziwa, hawahitaji kuelezwa. Wengine wao walihamishwa na maji hayo.

Mwisho nazima kila kitu na kuweka beseni la maji mezani, na kipande cha pumisi kilichookotwa Menengai. Projekta inabaki na kazi moja tu: simu yangu imewekwa juu ya vitabu vitatu ikilitazama jiwe, na ukutani matundu yake yanaonekana makubwa kama mapango. Nauliza litazama au litaelea. Wanapiga kura. Nalidondosha, linaelea, na kabla sijasema neno kuhusu gesi iliyonaswa ndani ya lava, mtu anapiga kelele kwamba hilo ni jiwe la kusugulia miguu.

Kesho yake, katika darasa la wale wa Hawaii, wanafunzi sita walikuja na mawe ya bafuni kwao. Matano yalikuwa pumisi kweli, moja lilikuwa kipande cha tofali. Jioni mama mmoja alinipigia simu akitaka lake lirudi.